Nani kasema ni kimondo? Kuusaka ushahidi wa kutoweka kwa dinosaria

Muulize mwanafunzi wa sekondari, awe Songea au Kisumu, dinosaria walimalizwa na nini. Atakujibu bila kusita kwamba ni kimondo. Mrudie na swali la pili: nani kasema, na aliyesema aliona wapi? Hapo ataanza kutafuta maneno. Atataja filamu, atataja video aliyorushiwa kwenye simu, pengine atataja kitabu ambacho jina lake limemtoka. Jibu lake ni sahihi. Tatizo ni kwamba amelipata kwa njia ile ile ambayo kesho ataletewa uongo, naye hatakuwa na namna ya kuutambua.

Nimechagua kifo cha dinosaria kwa sababu sijui habari nyingine inayoonyesha vizuri hivi namna maarifa yanavyotafutwa, yanavyopotea na yanavyopatikana tena. Tukio lenyewe ni la miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna aliyeliandika, hakuna aliyelisimulia, na bado leo wataalamu wanaweza kueleza saa zake za kwanza kwa undani unaotisha. Walifikaje hapo? Na mtu asiye na maabara wala cheo, mwenye simu na kiu ya kujua, anaweza kuzifikia nyaraka zenyewe? Anaweza. Lakini kwanza aache kutafuta mahali pasipo na kitu.

Kwetu Afrika Mashariki, dinosaria wakitajwa, mawazo hukimbilia Tendaguru, kilima kilichoko bara ya mji wa Lindi. Huko mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wa kusini mwa Tanzania ya leo, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, waliifukua na kuibeba hadi Lindi kwa ajili ya msafara wa Werner Janensch na Edwin Hennig. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini kwenda Ujerumani. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo anasimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Ni haki yetu kujivunia Tendaguru, na ni haki yetu kudai zaidi juu yake. Ila anayetafuta habari za kutoweka kwa dinosaria hatazipata pale. Mifupa ile ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Tangu wanyama wale walipokufa hadi siku ya kimondo ilipita miaka milioni 84, na tangu siku ya kimondo hadi leo imepita 66. Wao wako mbali na tukio lile kuliko tulivyo sisi. Hata Mnyamawamtuka, dinosaria wa bonde la Rukwa aliyetangazwa mwaka 2019, aliishi miaka milioni 100 hivi iliyopita. Wote hao wanatueleza maisha ya dinosaria. Juu ya kifo chao hawana la kusema.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe. Ushahidi wa tukio hutafutwa katika miamba ya wakati wa tukio, hata kama miamba hiyo haina mfupa hata mmoja.

Nje kidogo ya mji wa Gubbio, katikati ya Italia, kuna korongo liitwalo Bottaccione. Kando ya barabara inayopita humo umesimama ukuta wa mawe ya chokaa yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Zamani ilikuwa sakafu ya bahari, kwa hiyo dinosaria hukuti. Walter Alvarez, mwanajiolojia wa Marekani, alikuwa akifanya kazi hapo katika miaka ya 1970, akichunguza alama za sumaku ya dunia zilizohifadhiwa ndani ya mawe. Kilichomkamata macho ni utepe wa udongo wa mfinyanzi, unene wake kama sentimita moja. Chini ya utepe ule, chokaa imejaa maganda ya viumbe wadogo wa baharini wanaoitwa foraminifera, wakubwa kiasi cha kuonekana kwa lenzi ya mkononi. Juu yake karibu wote wametoweka, wamebaki wadogo mno, wa kutafuta kwa taabu. Kati ya dunia ile na hii kuna sentimita moja ya udongo. Udongo ule ulichukua muda gani kujikusanya? Miaka kumi? Miaka elfu kumi?

Alvarez alilipeleka swali kwa baba yake, Luis, mwanafizikia wa Berkeley aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968. Mzee akapendekeza kipimo. Iridiamu ni madini adimu sana katika ganda la dunia, lakini vumbi la angani linayo, na vumbi hilo hutudondokea kidogo kidogo siku zote. Pima iridiamu iliyomo katika udongo, utajua udongo ulikaa wazi kwa muda gani. Kazi ya kupima ikafanywa na wanakemia wawili, Frank Asaro na Helen Michel. Walitarajia kiasi kidogo sana. Wakakuta mara 30 hivi ya kiwango cha mawe ya jirani. Udongo wa umri ule ule kutoka Stevns Klint, Denmark, ukatoa mara 160. Wa New Zealand, upande wa pili wa dunia, mara 20. Vumbi la kawaida haliwezi kufanya hivyo. Tarehe 6 Juni 1980 jarida la Science lilichapa makala ya hao wanne: asteroidi yenye kipenyo cha kilomita kumi hivi iligonga dunia, vumbi lake likaziba jua, mimea ikafa, waliokula mimea wakafuata.

Wiki mbili hivi kabla, Mei 1980, jarida la Nature lilikuwa limechapa makala ya Mholanzi Jan Smit na mwenzake, waliokuta iridiamu ile ile Caravaca, Hispania. Hilo mimi naliona kuwa na uzito kuliko ile Nobel. Ninapopima chanzo cha habari, jina kubwa halinitoshi. Nataka kujua kama mtu wa pili, katika mwamba mwingine, alikuta kitu kile kile. Mwaka uliofuata akaongezeka wa tatu: Carl Orth na wenzake walipima mawe yaliyotokana na vinamasi vya nchi kavu huko New Mexico, wakakuta iridiamu hiyo hiyo, na katika tabaka hilo hilo chavua za mimea ya maua zikipungua ghafla na spora za kangaga zikijaa. Waliokuwa wakisema kwamba labda ni maji ya bahari tu yaliyoikusanya iridiamu wakakosa pa kushika.

Likabaki swali ambalo hata mtoto angeliuliza. Kama jiwe la kilomita kumi lilianguka, shimo liko wapi?

Wanasayansi walilitafuta kwa miaka kumi. Wengine walikata tamaa, wakasema huenda liliangukia sakafu ya bahari ambayo imeshamezwa na mwendo wa mabamba ya dunia. Na muda wote huo jibu lilikuwapo, limeandikwa, limechorwa, limekaa katika kabati la kampuni.

Shirika la mafuta la Mexico, Pemex, lilikuwa likichimba visima katika rasi ya Yucatán tangu miaka ya 1950. Halikupata mafuta. Zaidi ya kilomita moja chini, mitambo ilikutana na mwamba mgumu uliowahi kuyeyuka, na wahandisi wakaandika kwamba ni volkano ya kale. Sampuli zikawekwa ghalani. Mwaka 1978 Glen Penfield, mwanajiofizikia Mmarekani, alikuwa katika kazi ya kupima uga wa sumaku kwa ndege juu ya Ghuba ya Mexico kwa ajili ya shirika hilo. Katika takwimu zake akaona upinde mkubwa chini ya bahari, wenye mpangilio ambao volkano haiwezi kuuchora. Akachukua ramani ya zamani ya nguvu za uvutano, iliyopimwa nchi kavu, akaona upinde mwingine. Alipoiweka michoro miwili pamoja, ikatoka duara, katikati yake kijiji cha Chicxulub.

Mwaka 1981, kwa idhini ya shirika, Penfield na mwenzake wa Pemex, Antonio Camargo, waliwasilisha habari hiyo katika mkutano wa wanajiofizikia wa utafutaji mafuta. Fikiria: makala ya Alvarez ina mwaka mmoja tu, dunia nzima ya jiolojia inauliza shimo liko wapi, na watu wawili wanasimama mbele ya ukumbi wakisema tumeliona. Lakini wiki hiyo hiyo wataalamu wa vimondo na kutoweka kwa viumbe walikuwa Utah, katika mkutano wao wenyewe, wakijadiliana juu ya asteroidi ile ile. Waliokuwa na swali hawakuwapo palipotolewa jibu. Penfield alijaribu kuzipata sampuli za visima ili athibitishe, akaambiwa zimepotea au zimeharibika. Takwimu nyingi za shirika zilikuwa siri za biashara. Akarudi kwenye kazi zake.

Aliyemsikiliza alikuwa mwandishi wa habari. Carlos Byars wa gazeti la Houston Chronicle alichapa habari hiyo Desemba 1981: huenda kasoko ya Yucatán ndiyo iliyohusika na kifo cha dinosaria. Ikasomwa Houston, ikasahauliwa. Karibu miaka tisa ikapita. Mwaka 1990 Byars akakutana na Alan Hildebrand, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Arizona, aliyekuwa akifuatilia tabaka nene la ajabu huko Beloc, Haiti, ambalo Florentin Maurrasse, mwanajiolojia mzaliwa wa Haiti, alikuwa amelieleza miaka mingi kabla. Tabaka lile lilikuwa na chembe za kioo na za kwatzi iliyopasuliwa na mshindo, na unene wake ulionyesha kwamba jiwe liliangukia karibu. Byars akamwambia: kuna mtu anaitwa Penfield, mtafute. Hildebrand akamtafuta. Wawili hao wakafuatilia sampuli za visima na kuzipata New Orleans, zilikokuwa zimehifadhiwa kwa miongo kadhaa. Ndani yake ilikuwamo kwatzi ya mshindo. Mwaka 1991 makala yao ikatoka katika jarida la Geology, na kasoko ya Chicxulub, yenye upana wa kilomita 180 hivi, ikaingia vitabuni.

Nimekaa sana juu ya kisa hiki kwa sababu ndani yake yamo mambo yote ambayo mtafuta habari anapaswa kuyajua. Ushahidi ulikuwapo kabla ya swali. Ulishikwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Ulifungiwa kwa sababu za biashara, ukapewa jina lisilo sahihi, ukawekwa katika ghala la nchi nyingine. Na kilichounganisha pande mbili hakikuwa darubini. Kilikuwa kumbukumbu ya mwandishi wa gazeti ambaye hakuitupa habari yake ya zamani. Sisi waandishi tunapaswa kuisoma habari ya Byars na kuiheshimu kazi yetu. Habari uliyoiandika ukiwa na jina la mtu, mahali na tarehe inaweza kuwa ufunguo wa mtu mwingine miaka tisa baadaye. Habari iliyoandikwa kwamba watafiti fulani wamegundua kitu fulani haitamfungulia mtu mlango wowote.

Tangu hapo Chicxulub imechimbwa tena, safari hii kwa swali lililo wazi. Mwaka 2016 msafara wa kimataifa ulioongozwa na Joanna Morgan wa Uingereza na Sean Gulick wa Marekani ulitoboa ukingo wa ndani wa kasoko ukiwa baharini, hadi mita 1,335 hivi chini ya sakafu ya bahari, na nguzo za mwamba zilizotolewa zikafunguliwa na kuchunguzwa Bremen, Ujerumani. Mwaka 2019 Gulick na wenzake walichapa walichokisoma humo: mita 130 hivi za mawe yaliyojikusanya katika siku moja, siku yenyewe. Chini mwamba ulioyeyuka, juu yake vifusi vilivyorudishwa na maji ya bahari, kisha mchanga wa tsunami, na ndani yake mkaa wa misitu iliyoungua. Kitu kimoja hakikuonekana. Eneo lile lina mawe mengi yenye salfa, lakini katika vifusi vya kasoko salfa karibu haimo. Imekwenda wapi? Hewani. Ndiyo iliyofunika anga na kuleta baridi na giza lililoua mbali na mahali pa mshindo. Mwaka 2021 wengine wakaikuta iridiamu ya Alvarez ndani ya kasoko yenyewe, na mwaka 2024 kundi la Mario Fischer-Gödde wa Cologne, kwa kupima madini ya rutheniamu, likaonyesha kwamba jiwe lile lilitokana na aina ya asteroidi zilizoumbwa nje ya mzunguko wa Mshtarii.

Nyaraka za msafara ule wa 2016, pamoja na maelezo ya nguzo za mwamba mita kwa mita, ziko wazi kwenye intaneti kwa mtu yeyote. Ripoti ndefu ya maabara ya Berkeley iliyotangulia makala ya 1980 nayo inapatikana bure, ingawa makala yenyewe ya Science hulipiwa. Watu wengi hukata tamaa wanapokutana na ukurasa unaodai dola, na wanakosea. Mara nyingi kazi ile ile ina nakala nyingine halali: ripoti ya maabara, tasnifu, nakala iliyowekwa na mwandishi katika hifadhi ya chuo chake. Makala iliyomtangaza Mnyamawamtuka iko katika PLOS ONE, jarida ambalo halimtozi msomaji chochote.

Ukiipata makala moja nzuri, usiishie hapo. Tazama orodha ya kazi ilizozitaja, urudi nyuma. Kisha tazama ni nani waliokuja kuitaja baadaye, usonge mbele. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaweza kutoka kwenye habari ya jana ya gazeti hadi kwenye sentimita moja ya udongo wa Gubbio kwa mchana mmoja. Na atafute kwa herufi K-Pg, ambazo ndizo wanajiolojia wanazotumia sasa kwa mpaka kati ya zama za dinosaria na zama zilizofuata. Kazi za zamani ziko chini ya K-T. Atalazimika kusoma Kiingereza, na hilo ni kizuizi halisi kwa watu wetu wengi. Ni sababu mojawapo ya mimi kuandika haya kwa Kiswahili.

Zipo alama ndogo zinazoonyesha kama chanzo kimeandikwa kwa uangalifu. Kikisema miaka milioni 65, ama ni cha zamani ama kimenakili cha zamani. Paul Renne na wenzake walipima upya mwaka 2013 wakapata 66.04. Kikisema dinosaria wote walikufa, mwandishi amesahau ndege, ambao ni uzao wa dinosaria na bado wako nasi. Na kikisema wanasayansi wote wanakubaliana, hapo ndipo pa kuwa macho zaidi.

Maana hawakubaliani juu ya kila kitu. Magharibi mwa India yako mawe ya Deccan, lava iliyotapakaa juu ya eneo la kilomita za mraba 500,000 hivi, nayo ilikuwa ikimwagika katika zama zile zile. Gerta Keller wa Princeton ametetea kwa miongo mingi kwamba volkano hizo ndizo zilizoua. Mwaka 2010 wataalamu 41 walichapa katika Science tathmini ya pamoja iliyoegemea Chicxulub, na baada ya wiki chache barua za kuwapinga zikachapwa katika jarida hilo hilo. Februari 2019, katika toleo moja la Science, kundi la Blair Schoene na kundi la Courtney Sprain walitoa tarehe za lava ya Deccan zilizopimwa kwa njia mbili tofauti. La kwanza liliona mlipuko mkubwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kimondo. La pili likaona kwamba sehemu kubwa ya lava ilitoka baada yake. Aliyesoma makala moja tu kati ya hizo mbili alifunga jarida akiwa na imani isiyo na msingi. Mimi nimeshawishika kwamba kimondo ndicho kilichoua, kwa sababu ushahidi wake umetoka katika miamba ya mabara mengi na kwa mikono ya watu wengi wasiotegemeana. Volkano nazichukulia kama mzigo uliokuwa tayari juu ya dunia. Lakini nimefika hapo baada ya kuwasoma wapinzani, na sioni njia nyingine ya haki ya kufika.

Tofauti ya simulizi na ushahidi ilionekana waziwazi mwaka 2019. Mwishoni mwa Machi jarida la The New Yorker lilitoa simulizi tamu kuhusu Tanis, eneo la North Dakota ambako Robert DePalma na wenzake walikuta samaki waliozikwa na tope, chembe za kioo cha Chicxulub zikiwa zimenasa katika matamvua yao. Dunia ilisisimka kwa habari za mifupa na manyoya ya dinosaria waliokufa siku ile. Makala ya kitaalamu ilipotoka siku chache baadaye, ilihusu hasa tope, samaki na vioo. Dinosaria waliosisimua watu karibu hawakuwamo. Samaki wale peke yao ni maajabu ya kutosha. Kilichotakiwa ni subira ya siku chache, kusoma kilichopimwa badala ya kilichosimuliwa.

Sasa nirudi Afrika, kwa sababu mwanafunzi wetu akizisoma nyaraka hizi anaweza kudhani kwamba tukio lile lilikuwa la Wamarekani na Wazungu. Mpaka rasmi wa dunia nzima kati ya zama za dinosaria na zama zilizofuata umewekwa Afrika, El Kef, kaskazini-magharibi mwa Tunisia. Tangu 1991, popote duniani wanajiolojia wanapobishana kama mwamba ni wa kabla au wa baada, kipimo cha marejeo ni tabaka la pale. Katika migodi ya fosfeti ya Morocco wamepatikana baadhi ya dinosaria wa mwisho wa Afrika, akiwamo mla nyama Chenanisaurus aliyetangazwa mwaka 2017. Na mwaka 2022 Uisdean Nicholson wa Scotland na wenzake walitangaza kasoko nyingine, waliyoipa jina Nadir, yenye upana wa kilomita 9 hivi, chini ya bahari umbali wa kilomita 400 kutoka pwani ya Guinea. Umri wake unakaribia miaka milioni 66. Imeonekana vipi? Katika picha za mawimbi ya mtetemo, takwimu za aina wanayoitegemea watafutaji wa mafuta. Ni Chicxulub tena: ushahidi ukiwa ndani ya mafaili ya waliokuwa wakitafuta kitu kingine.

Wapo wataalamu waliopima ni nani anayeziandika habari za visukuku vya dunia. Mwishoni mwa 2021 Nussaïbah Raja, Emma Dunne na wenzao walionyesha kwamba asilimia 97 ya takwimu zilizoingizwa katika hifadhidata kubwa ya paleobiolojia kwa miaka 30 zilitoka kwa watafiti wa nchi za kipato cha juu na cha kati cha juu. Hifadhidata hiyo iko wazi, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona ramani yenyewe ilivyo tupu upande wetu. Utupu ule hauna maana kwamba hakuna kitu ardhini. Una maana kwamba hapajatafutwa vya kutosha, au vilivyopatikana viko mahali pengine.

Kwetu mfano upo. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa nje, Paul Pearson wa Cardiff akiwamo, kwa kushirikiana na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitoboa udongo wa Kilwa na Lindi na kutoa foraminifera wa zama za Kretasia na Paleojini, yaani zama zile zinazougusa mpaka wa El Kef kutoka pande zote mbili. Maganda yao yamehifadhiwa vizuri mno, maang'avu kama kioo, kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliyakinga na maji yapitayo ardhini. Wataalamu wa hali ya hewa ya kale duniani wanayajua majina ya Kilwa na Lindi kwa ajili ya viumbe hao. Watu wangapi wa Kilwa wanajua?

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu na wakutubi. Mpango wa Research4Life unazipa taasisi za nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, nafasi ya kusoma maelfu ya majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Wanafunzi waelezwe kwamba upo, waonyeshwe namna ya kuingia, na kazi yoyote ya darasani isipokelewe kabla mwanafunzi hajajibu: nani kasema, na aliona wapi.

La pili ni kwa mashirika na wizara. Pwani yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara imetobolewa na kupimwa kwa miongo mingi na watafutaji wa mafuta na gesi. Sampuli za visima hivyo, hasa vile vya zamani ambavyo siri yake ya biashara imekwisha, ni mali ya elimu. Zisiachwe zioze ghalani wala zisitegemee bahati ya mwandishi mmoja mwenye kumbukumbu. Ziorodheshwe, orodha ichapishwe, na iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Lindi anaweza kuifungua kwa simu yake bila kumwomba mtu ruhusa.